Frederick Johnson

Frederick Johnson (alifariki 1937) alikuwa mtaalamu wa lugha na mfasiri aliyetumikia serikali ya Tanganyika wakati wa utawala wa Uingereza. Anakumbukwa kama katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Aliandika kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1935, na alisimamia kamusi mbili kubwa za Kiswahili na Kiingereza zilizochapishwa mwaka 1939, baada ya kifo chake. Kabla ya hapo alichunguza lugha mbili za Tanganyika: Kimakonde cha kusini na Kinyiramba, ambacho ni kati ya lugha za mkoa wa Singida wa leo.

Jina lake linahusishwa na swali linalowasumbua walimu na wanafunzi hadi sasa: Kiswahili sahihi ni kipi, na nani ana haki ya kumwambia mwenzake kwamba amekosea?

Uchunguzi wa Kimakonde na Kinyiramba

Mwaka 1923 Johnson alitoa maelezo ya Kimakonde katika jarida la chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha London. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 alichapisha maelezo ya Kinyiramba katika jarida la masomo ya Kibantu lililotolewa Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka 1931 jarida hilo lilichapisha pia mkusanyo wake wa hadithi za Kinyiramba.

Kinyiramba huzungumzwa na Wanyiramba, hasa katika wilaya za Iramba na Mkalama. Ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kinyaturu cha Singida na Ikungi, na haiko mbali na Kisukuma na Kinyamwezi upande wa magharibi. Eneo hilo ni tajiri kwa lugha. Mbali na lugha za Kibantu, wako Wadatooga wanaosema lugha ya Kiniloti, na karibu na Ziwa Eyasi wako Wahadza, ambao lugha yao ina sauti za kidoko na haijulikani kuwa na ndugu wa karibu.

Wakati Johnson anaandika, maandishi kuhusu Kinyiramba yalikuwa machache sana. Kwa hiyo maelezo yake na hadithi zile ni sehemu ya kumbukumbu za mwanzo za lugha hiyo kwa maandishi. Hadithi zina thamani ya pekee, kwa sababu zinaonyesha lugha ikitumika katika masimulizi, si katika orodha ya maneno tu.

Kwa Wanyiramba na Wanyaturu wa wakati huo Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza. Kilifika kwao kwa njia ya misafara ya biashara, askari, maakida wa Kijerumani, wamisionari, na baadaye shule na magazeti. Gazeti la serikali ya Tanganyika, Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa hata katika miji ya bara. Mtoto wa bara alikutana na Kiswahili darasani baada ya kulelewa katika lugha nyingine, na hapo ndipo suala la makosa lilipomgusa zaidi kuliko mtoto wa pwani.

Hali ya Kiswahili kabla ya mwaka 1930

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuja kwa wakoloni. Uandishi wa herufi za Kilatini ulienezwa hasa na wamisionari wa karne ya 19, na kila mmoja alifuata lahaja ya mahali alipokaa. Johann Ludwig Krapf alifanya kazi Mombasa, na kamusi yake ya mwaka 1882 ilitegemea zaidi Kimvita. Askofu Edward Steere alikaa Unguja, na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kilieleza Kiunguja. Arthur Cornwallis Madan, wa misheni ileile ya Steere, alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani serikali ilitumia Kiswahili shuleni na maofisini, na magazeti kama Kiongozi la Tanga yalikipeleka bara.

Matokeo yake yalikuwa mchanganyiko. Neno moja liliandikwa kwa tahajia mbili au tatu. Kitabu kilichochapishwa Mombasa kilionekana kina makosa kwa msomaji wa Unguja, na cha Unguja kilionekana hivyo Mombasa. Misheni moja haikutaka kununua vitabu vya misheni nyingine, na idara za elimu za nchi nne hazikuweza kuchapa kitabu kimoja kwa ajili ya shule zote. Gharama ilikuwa kubwa na vitabu vilikuwa haba.

Mwezi wa Oktoba 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulipendekeza Kiswahili kisanifishwe kwa ajili ya shule. Mwezi wa Juni 1928 mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, akiwemo Carl Meinhof, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Kibantu. Mkutano huo ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Wapo waliotetea Kimvita kwa sababu ya ushairi wake wa kale. Lakini Kiunguja kilikuwa kimeenea zaidi bara kwa njia ya biashara, na vitabu vingi vya shule vya Tanganyika vilikuwa tayari vimekifuata.

Katibu wa Kamati

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza, Johnson aliteuliwa kuwa katibu wake. Kamati ilikuwa na wajumbe 17, wakiwemo wakurugenzi wa elimu wa nchi zote nne. Wajumbe walikuwa na kazi zao nyingine na walikutana mara chache, kwa hiyo shughuli za kila siku zilimwangukia katibu.

Kazi za Kamati zilikuwa nyingi. Ilitakiwa kuleta tahajia moja katika nchi zote, kuhakikisha maneno ya zamani na mapya yanatumiwa kwa namna moja, na kutoa vitabu vya sarufi na kamusi. Ilipaswa kuwatia moyo waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa, kuwashauri waliotaka kuandika, kupanga tafsiri za vitabu vya shule, na kujibu maswali ya watu kuhusu lugha. Pia ilitakiwa kusoma miswada na kusahihisha Kiswahili chake kabla ya kuchapwa.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoipa Kamati nguvu. Mswada ulipelekwa kwa wasomaji, ukarudi na masahihisho, na kama ulikubaliwa, kitabu kilichapwa kikiwa na ithibati ya Kamati kwamba lugha yake inafuata Kiswahili Sanifu. Kitabu kisicho na ithibati kilikuwa na nafasi ndogo ya kuingia shuleni. Hivyo kalamu ya msahihishaji iliamua kitabu gani kitafika mikononi mwa mwanafunzi.

Kamati ilianza pia kutoa taarifa yake mwaka 1930. Humo yalijadiliwa maneno mapya, tahajia na maswali ya sarufi. Jarida la kitaaluma la Kiswahili linalotolewa leo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina asili yake katika taarifa hiyo.

Makosa yaliyopigwa vita

Usanifishaji uligusa mambo ambayo hata leo huwaudhi wasikilizaji na kusababisha alama nyekundu katika madaftari.

La kwanza ni upatanisho wa ngeli. Wageni wengi, hasa walowezi wa Kenya, walizungumza Kiswahili kilichoitwa Kisetla, ambacho hakikujali ngeli. Katika usemi huo mtu aliweza kusema kiti yangu badala ya kiti changu, au mtoto yangu badala ya mtoto wangu. Kwa Mswahili jambo hilo liliudhi mara mbili: liliharibu lugha, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa akitoa amri. Mnyiramba au Mnyaturu, kwa upande wake, hakuwa mgeni wa ngeli, kwa kuwa lugha yake inazo. Taabu yake ilikuwa kwamba ngeli za lugha ya nyumbani hazilingani moja kwa moja na za Kiswahili, na viambishi vyake ni vingine.

La pili ni sauti zinazobadili maana. Msemaji anayechanganya r na l anaweza kutaja mahari akiwa anataka kusema mahali, au kura akiwa anataka kusema kula. Anayetamka th kama s hugeuza thamani ya kitu kuwa samani za nyumba. Tahajia sanifu ilihifadhi th, dh na gh ili maneno ya namna hiyo yatofautiane katika maandishi. Lakini haikutofautisha konsonanti zenye mpumuo na zisizo nao, ingawa watu wa pwani huzitofautisha katika matamshi. Maneno mengi yenye asili ya Kiarabu yaliyokuwa yakiandikwa kwa kh yalipewa h, kama habari na heri.

La tatu ni lahaja. Msemaji wa Kimvita husema ndia na mato, wa Kiunguja husema njia na macho. Katika maandishi sanifu la Kiunguja ndilo lililokubaliwa. Tofauti ya mahali iligeuka kuwa tofauti ya sahihi na kosa.

La nne ni mambo ambamo kanuni yenyewe ina upekee. Majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wa watu, kwa hiyo husemwa rafiki amefika. Lakini vimilikishi vya maneno kama rafiki na ndugu hubaki katika ngeli ya maneno hayo, kwa hiyo ni rafiki yangu na ndugu zangu. Mwanafunzi anayeishika kanuni moja na kuitumia kila mahali huandika rafiki wangu, akidhani anasahihisha. Mfano huu unaonyesha kwa nini orodha ya kanuni pekee haikutosha, na kwa nini kamusi na vitabu vya kusoma vilihitajika.

Mwaka 1931 Kasisi Gerald Broomfield wa Zanzibar alitoa Sarufi ya Kiswahili, kitabu cha sarufi kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Mwaka 1944 Ethel Ashton alitoa sarufi kwa Kiingereza iliyotumika kwa miaka mingi vyuoni. Vitabu hivyo viwili, pamoja na kamusi za Kamati, vilikuwa nguzo za ufundishaji wa Kiswahili Sanifu.

Tafsiri

Shule zilihitaji vitabu vya kusoma, na Johnson alikuwa miongoni mwa waliovitafsiri kutoka Kiingereza. Kisiwa chenye Hazina ni tafsiri yake ya riwaya ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani ni ya riwaya ya Henry Rider Haggard. Zote mbili zilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1920. Alitafsiri pia safari za Gulliver za Jonathan Swift.

Tafsiri hizi zilisomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Kwa wengi zilikuwa hadithi ndefu za kwanza kuzisoma katika nathari ya Kiswahili, kwa kuwa fasihi andishi ya pwani ilikuwa zaidi ya ushairi. Zilifundisha mtiririko wa sentensi za Kiswahili Sanifu kuliko kitabu chochote cha sarufi. Hata hivyo zililaumiwa baadaye kwa sababu zilileta mashujaa na mawazo ya Ulaya, na riwaya ya Haggard inaiona Afrika kwa macho ya mkoloni.

Kamusi

Mwaka 1935 Sheldon Press ya London ilichapisha Kamusi ya Kiswahili, yaani Kitabu cha Maneno ya Kiswahili, kazi ya Johnson. Kamusi za awali zilieleza maneno ya Kiswahili kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, yaani zilimhudumia mgeni. Hii ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili, na hivyo ilimhesabu msemaji wa Kiswahili kuwa mtumiaji wa kamusi. Ilikuwa ndogo, lakini ilitangulia kamusi kubwa za namna hiyo kwa miongo kadhaa.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kurekebisha kamusi za Madan. Johnson na Kamati waliongeza maneno, wakabadili tahajia kufuata uamuzi wa Kamati na kupanua maelezo. Johnson alifariki mwaka 1937 kazi hiyo ikiwa haijachapwa. Kamusi zote mbili, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, zilitolewa na Oxford University Press mwaka 1939. Ukurasa wa jina unaeleza kwamba zilitengenezwa na Kamati chini ya uongozi wa marehemu Johnson, na kwamba msingi wake ni kazi ya Madan. Watu wengi huziita kwa kifupi kamusi ya Johnson.

Katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza maneno yaliyotokana na kitenzi huwekwa chini ya kitenzi hicho. Anayetafuta mpishi anapaswa kwenda kwenye pika. Mpangilio huu humsaidia msomaji kuona ukoo wa maneno, lakini humtaabisha mwanafunzi ambaye hajui neno limetoka wapi. Maneno yenye asili ya kigeni yamewekewa alama ya nyota, na lugha yalikotoka hutajwa.

Wakati uleule Padre Charles Sacleux, Mfaransa, alitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa kati ya mwaka 1939 na 1941. Kazi hizo mbili zina malengo tofauti. Sacleux alikusanya lahaja nyingi za pwani na kuonyesha kila moja inavyosema, ilhali kamusi ya Kamati ilitaka kuonyesha umbo lipi litumiwe shuleni.

Lawama na utetezi

Kamati ilipingwa tangu mwanzo. Nchini Uganda, Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alikuwa amekwisha pinga kuenezwa kwa Kiswahili mwaka 1929, akihofia nafasi ya Kiganda.

Pwani ya Kenya lawama ilikuwa ya namna nyingine. Kimvita na Kiamu ndizo lahaja za mashairi na tenzi mashuhuri, kama mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na Utendi wa Mwana Kupona. Kama tungo hizo zingepimwa kwa kanuni za shule, zingeonekana zimejaa makosa, ingawa waliozitunga walikuwa mabingwa wa lugha. Wasomi wa Mombasa, akiwemo Shihabuddin Chiraghdin, waliendelea kutetea hadhi ya lahaja za kaskazini hata baada ya uhuru.

Lawama nzito zaidi inahusu wajumbe. Katika uhai wote wa Johnson hapakuwa na Mwafrika aliyeketi katika Kamati. Waafrika walihudhuria kwa mara ya kwanza kama wajumbe mwaka 1946, miaka tisa baada ya kifo chake. Hivyo wageni walikaa kuamua Kiswahili cha Waswahili, na msemaji wa kuzaliwa aliweza kusahihishwa na mtu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani. Wakosoaji walisema pia kwamba Kiswahili cha vitabu kilikuwa kikavu na chenye harufu ya tafsiri, kikiwa sahihi katika kila kiambishi lakini bila ladha ya mazungumzo ya watu.

Wanaotetea kazi hiyo husema kwamba bila tahajia moja kusingekuwa na vitabu vya bei nafuu kwa nchi zote, wala lugha moja ya magazeti, redio na siasa. Mtoto wa Iramba, wa Tanga na wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja. Kwa watu wa bara Kiswahili Sanifu kilikuwa na faida nyingine: hakikuwa lugha ya nyumbani ya kabila lao wala ya jirani yao, na kila mmoja aliweza kukijifunza kwa kanuni zilizo wazi. Hoja zote mbili zina ukweli. Kanuni iliyomfungulia mlango mwanafunzi wa bara ndiyo iliyomfanya mshairi wa Lamu aonekane mkosaji.

Baada ya kifo chake

Ukatibu ulichukuliwa na B. J. Ratcliffe. Kamati iliendelea kwa miaka mingi, ikahamia mahali mbalimbali, na baada ya uhuru ilirudi Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikawa sehemu ya chuo kikuu. Mwaka 1970 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na tangu 2009 kazi zake zinaendelezwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI).

Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria. Kazi ya kuthibitisha vitabu na istilahi, iliyokuwa mikononi mwa maofisa wa kikoloni, sasa ilishikwa na Watanzania wenyewe. Mwaka 1981 TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na wataalamu wa Kiafrika na kueleza Kiswahili kwa Kiswahili kama ile ya Johnson ya mwaka 1935, lakini kwa upana mkubwa zaidi.

Kamusi za mwaka 1939 zimechapwa tena mara nyingi na bado hutumiwa, hasa na watafsiri na wasomaji wa maandishi ya zamani. Maneno mengi ya sayansi na siasa ya leo hayamo, lakini yamo maneno ya ubaharia, kilimo na ufundi ambayo kamusi mpya zimeyaacha. Maelezo yake ya Kinyiramba hayajulikani sana nje ya wanaisimu, ingawa ni miongoni mwa kazi chache za wakati huo kuhusu lugha za Singida.